Kasisi Aliyetengeneza Mtambo wa Bunduki

Alexander Forsyth alizaliwa mwaka 1768 huko Belhelvie, Scotland, na mwaka 1791 akarithi kazi ya baba yake, ukasisi wa kanisa la kijiji. Alipenda kuwinda bata wa mwitu. Lakini siku zile bunduki zilikuwa za gumegume: jiwe hugonga chuma, cheche zikawasha baruti ya nje, ndipo ile ya ndani ishike moto. Bata waliuona mwako huo, wakakimbia kabla ya kupigwa.

Basi Forsyth akatengeneza kwa mikono yake mtambo mpya, wenye nyundo na unga uwakao upigwapo. Bunduki ikalia mara moja.

Mwaka 1806 alipewa chumba katika ngome ya Tower, London, aufanyie kazi mtambo huo kwa ajili ya jeshi. Mwaka uliofuata mkuu mpya wa silaha akamwondoa. Forsyth akarudi kulichunga kanisa lake.

Baadaye mafundi wengine waliutia unga wa namna hiyo katika vikopo vya shaba, ndizo fataki, na majeshi yakaacha gumegume. Forsyth alikufa mwaka 1843. Fedha nyingi za tuzo yake wakapewa jamaa zake.