Alice de Janzé: Mrembo wa Happy Valley aliyependa hadi risasi

Msee wa Soweto East, next ukipanda mathree ya Karen, kumbuka huyu dem. Alice alizaliwa Marekani 1899, mtoi wa masonko. 1925 akaland Kenya na bwanake Mfaransa, wakaingia mbogi ya mababi wa Wanjohi: pombe, sherehe na kubadilishana mabibi. Hapo akamkufia Raymond de Trafford. Kumbe jamaa hatamuoa. 1927, ndani ya treni Paris, Alice akampiga risasi, kisha akajipiga. Wote wakapona. Korti ikampa miezi sita ya nje, na 1932 wakaoana! Haikudumu.

Januari 1941, Lord Erroll, aliyewahi kuwa mpenzi wake, akapatikana amedungwa risasi ndani ya gari huko Karen. Aliyeshtakiwa akaachiliwa. Septemba hiyo Alice akajiua, miaka 42.

Filamu ya White Mischief ya 1987 inamuonyesha mochari na maiti ya Erroll, kitu ya kutisha. Lakini cheki: Erroll alihanya na mabibi za watu akabaki kuitwa chali mtamu. Alice ndiye akaitwa wazimu. Si bado tunafanya hivyo mtaani?