Emma Smith: Mke Aliyenyimwa Nafasi ya Kukataa

Je, kibali cha mke ni kibali kweli ikiwa hana nafasi ya kukataa? Yatazame maisha ya Emma Hale, aliyezaliwa Pennsylvania, Marekani, mwaka 1804.

Mwaka 1827 aliolewa na Joseph Smith bila idhini ya baba yake. Mumewe alipoanzisha kanisa la Wamormoni mwaka 1830, Emma alibeba taabu zake pia. Alizika watoto wachanga. Mwaka 1839, mume akiwa gerezani, aliuvuka mto Mississippi ulioganda kwa barafu, watoto mikononi.

Kitabu cha Mormoni kinakataza mitara, isipokuwa Mungu akiagiza. Joseph alidai ameagizwa, akatoa mfano wa Abrahamu na Hagari. Huko Nauvoo, Illinois, akawa anaoa kwa siri. Machi 1843 aliwaoa Emily na Eliza Partridge, ndugu wawili walioishi nyumbani mwa Emma. Mwezi wa Mei Emma alikubali kwa shida, akawachagua hao hao bila kujua. Ndoa zikafungwa tena mbele yake, kana kwamba ndiyo mara ya kwanza! Muda si muda, akajuta.

Julai 12, 1843, Joseph aliandikisha ufunuo. Unamtaka mume aombe kibali cha mke wa kwanza; lakini mke akikataa, mume ana ruhusa ya kuendelea. Emma ametajwa humo kwa jina na kuonywa vikali. Shemeji yake Hyrum alipompelekea, aliukataa.

Joseph aliuawa mwaka 1844. Wengi walimfuata Brigham Young hadi Utah, ambako kanisa lilitangaza kuacha mitara mwaka 1890. Emma alibaki Nauvoo, akikana hadi kifo chake mwaka 1879 kwamba Joseph alikuwa na wake wengine. Mumewe wa pili, Lewis Bidamon, alizaa nje ya ndoa. Emma alimlea mtoto huyo, na kabla ya kufa akamwomba Lewis amwoe mama wa mtoto.

Wewe mume, usimfiche mkeo jambo kisha umletee Maandiko ili anyamaze. Kumbuka kwamba Sara mwenyewe ndiye aliyemtoa Hagari, na bado nyumba ile ilikosa amani. Mkeo akisema hapana, keti umsikilize.