Marconi: Ishara iliyovuka kilima

Simu ipelekayo wimbo kwenye spika, au filamu kwenye televisheni, bila waya katika nyumba za Nyanchwa mjini Kisii hutegemea mawimbi ya redio. Aliyeyatoa mawimbi hayo maabarani na kuyatia kazini ni Guglielmo Marconi, Mwitaliano aliyezaliwa Bologna mwaka wa 1874.

Hakuwa na shahada. Mwaka wa 1895, akifanya majaribio nyumbani kwa babaye, alimtuma kakake Alfonso na kipokezi hadi nyuma ya kilima. Hawakuweza kuonana, mlio wa bunduki ndio uliomjulisha kwamba ishara imefika. Mkazi wa Nyanchwa, penye miinuko, ataelewa uzito wa mlio ule.

Alihamia Uingereza mwaka wa 1896, na mwaka wa 1909 akapata Tuzo ya Nobeli pamoja na Karl Ferdinand Braun. Sifa zote hazikuwa zake: mwaka wa 1943 Mahakama ya Juu ya Marekani ilibatilisha sehemu ya hataza yake, ikitambua waliomtangulia, akiwemo Nikola Tesla. Doa kubwa zaidi, kwa maoni yetu, ni kujiunga kwake na chama cha Mussolini mwaka wa 1923.

Alifariki Roma mnamo Julai 20, 1937. Vituo vya redio Uingereza vilinyamaza kwa dakika 2.