John Goodricke

John Goodricke (17 Septemba 1764 – 20 Aprili 1786) alikuwa mwanaastronomia wa Uingereza. Anakumbukwa hasa kwa kupima mabadiliko ya mwangaza wa nyota Algol (Rasi Ghuli) na kupendekeza kwamba gimba lingine hupita mbele yake.

Maisha

Alizaliwa Groningen, Uholanzi. Akiwa mtoto mdogo alipatwa na ugonjwa uliomwacha kiziwi. Alisoma Edinburgh katika shule ya Thomas Braidwood iliyofundisha watoto viziwi, halafu katika chuo cha Warrington. Baadaye aliishi York, ambako jirani yake Edward Pigott alimwingiza katika elimu ya nyota.

Utafiti

Algol iko katika kundinyota la Farisi. Tangu karne ya 17 ilijulikana kuwa mwangaza wake hubadilika, lakini utaratibu wake haukujulikana. Goodricke alianza kuifuatilia mnamo Novemba 1782. Hakuwa na kifaa cha kupima mwanga. Aliilinganisha kwa macho na nyota za jirani zisizobadilika, akiandika saa ya kila tazamo. Aligundua kwamba hufifia kila baada ya siku 2, saa 20 na dakika 49 hivi. Matokeo hayo yanakaribia sana vipimo vya leo.

Mwaka 1783 alitoa maelezo mawili: ama gimba kubwa linaizunguka Algol na kuifunika, ama nyota yenyewe ina madoa upande mmoja. Mwaka huohuo Royal Society ilimpa Medali ya Copley. Mnamo 1784 alitambua pia mabadiliko ya nyota Beta Lyrae na Delta Cephei.

Hakuishi kuona jibu. Mwaka 1889 Mjerumani Hermann Carl Vogel alichunguza spektra ya Algol na kuthibitisha kwamba ina nyota mwenzake.

Umuhimu

Sayari nyingi zilizo nje ya Mfumo wa Jua zimegunduliwa kwa kanuni hiyohiyo: mwangaza wa nyota hupungua kwa vipindi sawa kila sayari inapopita mbele yake. Tofauti ni kiasi cha mwanga kinachopotea. Algol hupoteza takriban theluthi mbili ya mwangaza wake. Sayari kama Mshtarii ikipita mbele ya nyota kama Jua hufunika asilimia 1 tu, na sayari kama Dunia chini ya asilimia 0.01. Angahewa hutikisa mwanga wa nyota kuliko kiasi hicho. Kwa hiyo darubini ya Kepler ilirushwa kwenye anga-nje mwaka 2009.

Kifo

Goodricke alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society mnamo Aprili 1786, siku chache kabla ya kufariki akiwa na umri wa miaka 21. Asteroidi 3116 Goodricke imepewa jina lake.