James Chapin, mtu aliyesoma kalenda ndani ya mwili wa ndege

Wandugu wachimbaji, wamama na watoto wa kambi, sisi wa sendika tumezoea kuwaandikia hapa juu ya malipo na ajali za mashimo. Leo tunawaletea maisha ya bwana mmoja aliyekufa zamani. Mutaona mwisho kwamba habari yake inatugusa.

James Chapin alizaliwa New York, Marekani, mwaka 1889. Alikuwa na miaka 19 tu alipotumwa Congo mwaka 1909 na makumbusho kubwa ya mji ule, pamoja na mkubwa wake Herbert Lang. Walizunguka Ituri na Uele mpaka 1915. Watu wa kule walimuita Mtoto na Langi, maana yake mtoto wa Lang. Maelfu ya wapagazi walibeba mizigo yao kichwani, na wawindaji wa vijiji ndio walijua ndege gani analala wapi. Wengi wao majina yao hayakuandikwa popote. Sisi tunaopandisha mifuko ya mawe, jambo hilo tunalijua.

Kazi ya Chapin ilikuwa hivi: ndege akiletwa, hakuangalia manyoya ya nje tu. Alimpasua, akatazama viungo vya uzazi, mafuta chini ya ngozi, manyoya mapya yanayoota, na chakula tumboni. Kisha aliandika tarehe na mahali. Ndege mmoja peke yake haelezi mengi. Lakini ukikusanya maelfu, mwezi kwa mwezi, unapata kalenda.

Kumbe mwili wa ndege unabadilika na msimu. Mapumbu ya ndege dume yako ndani ya tumbo. Wakati wa kuzaa unapokaribia, yanavimba mara nyingi zaidi. Wakati huo ukiisha yanarudi madogo sana. Mwili haulishi kiungo ambacho hakina kazi.

Kule Ulaya ndege wanaongozwa na mchana: ukirefuka, mwili unajua majira mazuri yanakuja. Lakini hapa Bukavu, kati ya mchana mrefu kabisa wa mwaka na ule mfupi kabisa, tofauti haifiki nusu saa. Sasa ndege wetu wanajuaje? Chapin alionyesha kwamba katika Congo mvua na kipwa vinahesabika sana, juu ya chakula cha kulisha watoto. Tena, kaskazini ya ikweta na kusini yake majira yanapishana.

Mfano wake mzuri ni ndege mmoja wa usiku, jamii ya wale wanaolala chini barabarani. Chapin aliandika juu ya safari zake mwaka 1916. Ndege huyo anazaa kusini, Katanga na jirani zake, mvua inapoanza. Dume anaota manyoya meupe kwenye mabawa, marefu kuliko mwili wake, ya kuvutia jike. Wakiisha kuzaa, wanavuka ikweta kwenda kaskazini mpaka Uele, ambako mvua nayo inaanza. Yale marefu yanaanguka, mengine yanaota, na ndege wanakula kumbikumbi wenye mafuta. Ndivyo wanavyofuata mvua mwaka mzima.

Mwaka 1942, wakati wa vita, Wamarekani walijenga uwanja wa avioni kwenye kisiwa cha Ascension, katikati ya bahari. Ndege wa bahari walikuwa wengi mno hapo, wakahatarisha avioni. Chapin aliitwa kusaidia. Alichunguza pia kalenda yao, na mwaka 1954 akaandika kwamba wanarudi kutaga kila baada ya miezi 9 na nusu hivi, ndiyo mara tano katika miaka minne. Hawangoji mwaka wetu hata kidogo.

Wengi wanamkumbuka zaidi kwa tausi wa Congo. Unyoya mmoja aliupata Ituri mwaka 1913 kwenye kofia ya mtu, akautunza miaka 23, mpaka alipokuta ndege wawili wa namna ile Tervuren, Ubelgiji, mwaka 1936. Aliandika pia vitabu vinne vikubwa vya ndege wa Congo, kuanzia 1932 mpaka 1954. Miaka ya 1950 alikuja kufanya kazi hapa kwetu, Lwiro, kwenye kituo cha utafiti kilichoanzishwa 1947. Alikufa New York mwaka 1964.

Sasa, sisi tunashika nini? Mara nyingi ndege hafanyi kazi tatu nzito kwa mara moja. Kuna wakati wa kutaga na kulea, wakati wa kubadili manyoya, na wakati wa kusafiri. Akivichanganya vyote, nguvu inaweza kukosa, hata anaweza kufa. Mtu si ndege, lakini mwili wake nao una hesabu. Mchimbaji anayeshuka mchana, akarudi shimoni usiku, kisha akapandisha mzigo mlima asubuhi, anakopa nguvu ambayo hana. Tunapodai zamu na siku ya kupumzika, mutu asituambie ni uvivu. Hata kiumbe cha gramu chache kina wakati wa kuacha kazi moja kabla ya kushika nyingine.