Carl Langenbuch, daktari aliyethubutu kutoa kifuko cha nyongo

Ukichinja mbuzi unajua kazi ya kwanza ukifika kwenye ini: kile kifuko cha kijani kitolewe taratibu, kisipasuke, la sivyo nyama yote ni chungu. Binadamu naye anacho, upande wa kulia chini ya mbavu. Kipindini tunaulizwa mara kwa mara: mtu akitolewa kifuko hicho, atapona kweli? Wapo wanaovumilia maumivu miaka mingi kwa kuogopa jibu. Leo tumsimulie mtu aliyelitafuta jibu hilo kwa kisu mkononi.

Carl Langenbuch alizaliwa mwaka 1846 huko Kiel, mji wa bandari ambao leo uko kaskazini mwa Ujerumani. Alisoma udaktari, na akiwa na miaka 27 tu alikabidhiwa kuongoza hospitali ya Lazarus mjini Berlin. Kijana kweli, sisi wengine umri huo tulikuwa bado tunabeba nyaya studio.

Wakati huo mawe ya nyongo yalitesa watu vibaya. Madaktari wachache waliothubutu kupasua walifungua kifuko, wakatoa mawe, wakakiacha mahali pake. Baadaye mawe yaliweza kurudi. Langenbuch aliona kosa liko wapi: mawe yanatokea ndani ya kifuko chenyewe, kwa hiyo kinachopaswa kutoka ni kifuko.

Lakini je, mwili utakubali? Hapa ndipo ujuzi wa kazi ya nyongo ulipomsaidia. Nyongo haitengenezwi na kifuko. Inatengenezwa na ini, kati ya nusu lita na lita moja kwa siku. Kifuko ni ghala tu: kinapokea kiasi kidogo, kinaipunguza maji ili iwe nzito, kisha mtu akila nyama ya mafuta au chapati, kinajikamua na kuimwaga kwenye utumbo mwembamba. Huko nyongo inafanya kama sabuni kwenye sufuria yenye mafuta, inayavunja yawe matone madogo ili mwili uyatumie. Ndiyo maana jiwe likiziba mlango wa kifuko, maumivu huja mara nyingi baada ya mlo wa mafuta. Na likishuka likaziba mrija mkuu, macho huwa ya njano. Ukiona hivyo, hasa pamoja na homa, hospitali ni siku hiyohiyo, si kesho.

Farasi hana kifuko cha nyongo, tembo hana, hata punda wako hana, na wote wanakula na kushiba. Tena katika karne ya 17 wataalamu walishawatoa mbwa kifuko hicho, nao wakaishi. Langenbuch alifanya mazoezi kwenye maiti kwa muda mrefu kabla ya kumgusa mgonjwa.

Tarehe 15 Julai 1882 alimpasua mwanamume wa miaka 43 aliyeteseka kwa miaka 16, amekonda mno na amezoea dawa ya morfini. Kifuko kilikuwa kimevimba na kuwa kinene, ndani mna mawe. Akakitoa chote. Kesho yake mgonjwa hakuwa na homa, na alionekana akivuta sigara kubwa kitandani! Baada ya wiki kadhaa aliruhusiwa kwenda nyumbani. Ini lake liliendelea kutengeneza nyongo, sasa ikidondoka moja kwa moja kwenye utumbo. Baadhi ya watu hupata kuharisha kidogo mwanzoni, lakini wengi huzoea.

Wenzake hawakukubali upesi. Wengine waliona ni ujasiri uliopita kiasi, na ni kweli kwamba enzi hizo si kila mgonjwa aliyepasuliwa aliamka. Langenbuch aliendelea na kazi hadi alipofariki Berlin mwaka 1901, akiwa na miaka 54. Mwaka 1985 Mjerumani mwingine, Erich Mühe, alikitoa kifuko hicho kupitia matundu madogo tumboni, na njia hiyo ndiyo inayotumika sana leo penye vifaa.