Semei Kakungulu na Makutano ya Dini katika Nchi za Mashariki ya Uganda

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumswalia Mtume wetu Muhammad, twapenda kuwasimulia ndugu zetu wa Buteba, wa Busia na wa Tororo habari za mtu mashuhuri ambaye jina lake lajulikana na wengi, lakini mambo yake yajulikana na wachache. Huyo ni Semei Kakungulu. Msomaji asimchanganye na Mwana-Mfalme Badru Kakungulu, kiongozi wa Waislamu wa Uganda aliyefariki mwaka 1991. Huyu tumtajaye alimtangulia. Hakuwa Mwislamu, na katika ujana wake alipigana na Waislamu. Hata hivyo habari zake zatufaa sana sisi tukaao mpakani, ambako Wateso, Wasamia, Wagwe, Wapadhola, Waganda na Waswahili hukutana sokoni, hupeana maneno, vyakula na mavazi, na mara nyingi huoana.

Kakungulu alizaliwa yapata mwaka 1868 katika nchi ya Koki, kusini-magharibi ya Buganda, akainukia kuwa mwindaji hodari wa ndovu. Wakati huo dini za kigeni zilikuwa zimekwisha kuingia katika baraza la Kabaka. Ya kwanza ilikuwa Uislamu, ulioletwa na wafanyi biashara wa Unguja na pwani. Mwaka 1877 waliingia wamisionari wa Kiprotestanti, na mwaka 1879 Wakatoliki. Kakungulu aliingia katika Uprotestanti, akabatizwa kwa jina la Semei.

Hapa yapasa tukumbuke jambo moja, kwani litarejea mbele. Waganda wa zamani hawakuwa na desturi ya kutahiri. Mwaka 1876 Kabaka Mutesa, ambaye mwenyewe alikuwa amefunga Ramadhani na kusali, aliamuru vijana wengi wa Kiislamu wauawe huko Namugongo. Miongoni mwa makosa waliyohesabiwa ni kuikataa nyama iliyochinjwa na mtu asiyetahiriwa, na kumwona mfalme wao hafai kuongoza sala kwa kuwa hakutahiriwa. Basi tohara na uchinjaji vilikuwa mambo ya kufa na kupona katika nchi ile.

Mwaka 1888 Waislamu walipata nguvu katika Buganda, wakamtawaza Kalema, na Wakristo wakakimbilia Nkore. Katika vita vya kurudi Kakungulu alijitokeza kuwa jemadari mkubwa, na kwa jitihada yake na ya wenzake Waislamu walishindwa na Mwanga akarudishwa katika kiti chake. Lakini sifa za vita zilimletea ushindani na Apolo Kagwa, aliyekuwa Katikiro. Alipoona kwamba Buganda haiwatoshi wawili, Kakungulu alielekeza macho yake mashariki. Mwezi wa Aprili 1899 alikuwa pamoja na majeshi ya Waingereza walipowakamata Kabaka Mwanga na Omukama Kabalega wa Bunyoro. Baada ya hapo aliingia Bukedi, jina ambalo Waganda waliziita nchi hizi za mashariki.

Alijenga ngome, akaweka makao yake Budaka, akakata barabara na kupanda miti kandokando yake. Waganda waliofuata njia hiyo walikuja na migomba yao, kanzu zao na lugha yao. Mpango wa utawala wa Kiganda, wa saza, gombolola na muluka, ulienea hata kwa watu ambao zamani hawakuwa na mfalme wala Katikiro, bali wazee wa ukoo. Kiganda kikawa lugha ya baraza na ya kanisa. Miongoni mwa Waganda hao walikuwamo Waislamu, nao walikutana na Uislamu mwingine uliokuwa ukija kwa njia ya misafara kutoka Mumias. Kwa hiyo dini yetu iliingia sehemu hizi kwa milango miwili, mmoja wa Kiganda na mmoja wa Kiswahili.

Lakini tusifiche ukweli. Utawala ule ulikuja kwa bunduki. Watu walinyang'anywa ng'ombe, wakatozwa kodi na kulazimishwa kazi na mawakala wasiojua lugha yao wala kuheshimu wazee wao. Na kilichopatikana kwa nguvu kiliondoka kwa nguvu. Mwaka 1902 Waingereza walimtoa Kakungulu Budaka, naye akahamia upande wa Mbale, mji uliokua kwa kukaa kwake. Mwaka 1906 walimpeleka Busoga awe rais wa baraza, na mwaka 1913 akarejea Mbale. Alitumaini kuwa mfalme wa Bukedi. Wao walimfanya mtumishi wa serikali. Moyo wake ulijaa uchungu.

Tangu hapo alianza safari ya pili, nayo ilikuwa ya dini. Mwaka 1914 Malaki Musajjakawa alianzisha dhehebu lililokataa dawa za hospitali na kuitukuza siku ya Jumamosi. Kakungulu alijiunga nalo, akazidi kuisoma Biblia, hasa vitabu vya Musa. Humo aliona kwamba Nabii Ibrahimu alipewa amri ya tohara, na kwamba amri hiyo haikuwekewa mwisho. Mwaka 1919 alijitahiri, akawatahiri wanawe. Wafuasi wa Malaki walimkanya wakisema kuwa hiyo ni desturi ya Wayahudi, naye akawajibu kwamba, ikiwa ni hivyo, basi yeye ni Myahudi. Akaachana nao, na hapo ikazaliwa jamii ya Abayudaya.

Mwaka 1922 alitoa kitabu cha sala na mafundisho kwa Kiganda. Katika miaka hiyo ya 1920 alifikiwa na Myahudi mmoja mgeni, jina lake Yusufu, aliyemfundisha kalenda na sheria. Wafuasi wake waliacha ubatizo, wakawa hawali nyama ila waliyoichinja wenyewe. Naye aliyewapiga Waislamu vitani akaishia kuyashika mambo mawili yaliyowaua vijana wa Namugongo, yaani tohara na uchinjaji. Hakuyapokea kutoka kwetu; aliyakuta katika Taurati, katika nchi ambayo jirani zake Wagisu nao hutahiri vijana wao kwa mila ya imbalu. Zaburi waliziimba kwa Kiganda na kwa sauti za kwao. Kakungulu alifariki mwezi wa Novemba 1928.

Watu wake walibaki. Katika utawala wa Idi Amin, kuanzia 1971 hata 1979, ibada yao ilipigwa marufuku, na wengi walihama, wengine Ukristoni na wengine katika Uislamu. Waliosalia walihesabiwa kwa mamia machache tu, wakisali kwa siri. Utawala ule ulipoanguka walijitokeza, na mpaka leo wapo karibu na Mbale, mji ule ule ambao tangu mwaka 1988 una Chuo Kikuu cha Kiislamu.

Ndugu zangu, katika habari hizi mna mafunzo. Kabila likutanapo na kabila, lugha huchukuana, vyakula huchukuana, na hata vazi la kanzu huvaliwa na Mwislamu, Mkristo na Myahudi. Hayo ni mila, na hayana ubaya. Lakini imani haichukuliwi kama kanzu. Utawala aliousimamisha Kakungulu kwa bunduki haukudumu miaka mitatu mikononi mwake. Sala aliyoifundisha watu wakairidhia imedumu zaidi ya miaka mia moja. Na yule aliyeingia katika safu zetu kwa kumwogopa mtawala, sisi tulimpata mwili wake tu. Dini yetu imekataza kulazimishana, na wenye Kitabu yatupasa tukae nao kwa wema na uadilifu. Hukumu ya Kakungulu i kwa Mola wake. Yetu ni kuwaalika watu kwa mwenendo mzuri, sokoni, shambani na mpakani.

Mwenyezi Mungu atujaalie umoja na majirani zetu, atuthibitishe katika dini yake. Amin.